Bahasha Isiyo na Sahihi

"Siwezi kuzungumza na mtu aliyevaa viatu vya safari sebuleni," Yonasi alisema. "Vivue, mama. Hakuna anayekuja."

"Nimeshasema siendi," Zita alijibu. "Viatu viache."

Alikuwa amevivaa tangu Jumanne, siku ya kura. Alikwenda navyo kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Reynoldsburg, na akalala navyo. Kando ya mlango wa nyumba yao ya kupanga hapa Whitehall aliweka begi moja: vitenge viwili, vyeti vya uraia, kilo mbili za unga. Huko Burundi, kwenye kilima chao, watu walikaa hivyo kila matokeo ya uchaguzi yalipokuwa yanasomwa redioni. Miaka kumi na minne ya Marekani haikumfundisha kukaa vingine.

Leo ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Ofisi ya uchaguzi ingefunga milango saa kumi na moja.

Yonasi alimgeuzia simu aone, ingawa alishaona mara kumi. Bunge la jimbo, viti tisini na tisa. Chama cha Yonasi arobaini na tisa, chama kilichozoea kutawala arobaini na tisa. Kilibaki kiti kimoja, cha eneo lao, na waliokigombea walikuwa wawili: Yonasi, na mwenye duka la matairi aliyekikalia miaka sita. Kura zao zilikuwa sawa. Bahasha zote zilizofika kwa posta zikiwa na kasoro zilisharekebishwa na wenyewe, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa ya Zita. Alijaza karatasi, akaifunga, akaituma. Sahihi juu ya bahasha hakuweka, na bila sahihi kura haihesabiwi.

Simu hazikukoma. Shangazi Angelika alipiga kutoka Louisville kuuliza kama kwaya ifunge na kuomba siku moja zaidi. Mjomba Elie, wa Buffalo, alisema ameshaomba ruhusa kiwandani aje kwenye sherehe, na dada yake asimwaibishe kwa jambo la kalamu na sekunde tano. Wote walijua kwa nini Zita haweki sahihi kwenye karatasi za uchaguzi. Hakuna aliyelitaja.

Yonasi alilitaja. "Ni kwa sababu ya baba."

Baba yake, Liberati, alichaguliwa kuongoza kilima, yaani kijiji chao. Jioni ya matokeo walikuja wanaume wanne na daftari, wenye adabu, wakampongeza, wakamtaka atie sahihi kwamba ameupokea ushindi. Akatia. Wakamwomba awasindikize hadi kwenye lori. Kilichorudi, siku ya tatu, ni kalamu yake tu. Kuna aliyeiokota njiani. Yonasi alikuwa na miaka saba.

Lori lile Zita hakuliona. Alilisikia tu, likinguruma nje bila kuondoka. Tangu Jumanne lilikuwa linanguruma tena, kwenye maegesho ya Whitehall, na kila alipofunua pazia aliona magari ya majirani, yamezimwa.

"Hapa siyo kule," Yonasi alisema. "Hapa aliyeshindwa anampigia mwenzake simu, anampongeza, anaenda kulala."

"Na aliyeshinda?"

Yonasi alicheka. "Aliyeshinda anaenda kubishana kuhusu mashimo ya barabarani."

Zita hakucheka. Wiki iliyopita, mbele ya kanisa, mtu aliyatoboa macho kwenye bango lenye picha ya mwanawe. Aliyatoboa kwa makini, kama anayekata kitambaa. Siku ile pia Yonasi alicheka, akaweka bango jingine.

Sasa alichuchumaa mbele ya mama yake. Hakupaza sauti. Alisema watu elfu na elfu wamesimama foleni kwa ajili yake, na mabibi wa kwaya wamegonga milango ya watu wasiowajua, na Kiingereza chenyewe hawakijui. Halafu akasema, "Mimi sikulazimishi. Lakini nataka nijue kwamba mama yangu alinihesabu."

Zita alimtazama. Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio la mwanawe, mahali pale pale Liberati alipozoea kuweka yake. Nje, lori lilinguruma.

Akasimama, akachukua pochi.

"Leta gari," alisema. "Na kule ndani nitaingia peke yangu. Usinisimamie mgongoni."

Walifika saa kumi na dakika arobaini. Mwanamke wa dirishani alitafuta bahasha, akailinganisha na kitambulisho, akasukuma fomu. Akauliza kama bahasha hii ni yake. Akauliza kama anataka kura iliyomo ihesabiwe. Ilibidi aulize swali la pili mara mbili, kwa kuwa Zita alikuwa amegeuza kichwa, anasikiliza kitu barabarani.

"Ihesabiwe," Zita alisema.

Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, hadi nukta ya mwisho. Alipoinua kalamu, ngurumo ilikuwa imekoma.

Yonasi alimsubiri nje. Alipomwona uso, hakuuliza. Alimkumbatia hadi akamnyanyua kutoka ardhini, akampigia shangazi, akampigia mjomba, akiwaambia wote wawili neno lile lile: ametia, ametia.

Zita aliingia garini. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, kisha za kulia, akavivua, akavisukuma chini ya kiti.

Kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha, kiduara cha kando ya jina la Yonasi kilikuwa cheupe. Kilichojazwa wino, taratibu, bila kuvuka ukingo, kilikuwa cha mwenye duka la matairi.