Bendi ya Kumzika Bibi Tekla

Bibi Tekla aliishika fomu ya chama cha wanamuziki kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeuziwa samaki asiyeaminika.

"Kuna kadi ya matibabu, kuna mafunzo, ngoma yako ikipasuka tunakutengenezea," alisema Erasto, katibu wa chama. "Na mwanachama akifariki, bendi nzima inampigia mpaka kaburini."

"Nami nitajuaje kama mmekuja?"

"Si wanao watatuona, bibi?"

"Viongozi waliopita walimwahidi marehemu mume wangu hayohayo. Kawapulizia tarumbeta miaka thelathini. Siku ya kumzika akaja mtu mmoja, akala wali, akaenda zake." Akamrudishia kalamu. "Leteni bendi kesho, nisikie kwa masikio yangu. Ndipo nitie sahihi."

Erasto alicheka. Bibi hakucheka.

Kesho yake asubuhi walikuja watu kumi na mmoja na tarumbeta zao, wanaona haya. Bibi Tekla akatandika mkeka uani, akalala chali, akajifunika kanga mpaka kidevuni.

"Makubwa! Bibi anazikwa mzima?" jirani akauliza, akichungulia juu ya ua.

"Nyamaza, nasikiliza. Haya, pigeni!"

Wakapiga ule wimbo wa kusindikiza, polepole. Bibi alifumba jicho moja. La pili lilibaki wazi, linawapitia mmoja mmoja, asije akakosekana mtu.

Walipofika ubeti wa tatu, jicho hilo nalo likajifumba. Erasto akasimama pale na kalamu yake, hajui amguse bega au awaache waendelee kupiga.