Mpinzani wa Saa Saba

Mwalimu alipunguza mwendo kabla ya kona, akawasha indiketa, akatazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia. Mpinzani wake alikuwa ameshamaliza mbio zamani, na sasa alikuwa anarudi kinyumenyume kuja kumwangalia.

"Mjomba, hayo ni mashindano," alisema mpwa wake, karani wa chuo cha udereva, akichungulia dirishani. "Hakuna trafiki humo."

"Kona ni kona," alijibu Mwalimu bila kuinua macho.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ya mapumziko. Mwalimu alikuwa ameketi ndani ya gari la kufundishia, limeegeshwa kando ya ukuta wa chuo, injini imezimwa, mkanda ameufunga. Mkononi alishika konsoli ndogo ya gemu ambayo mpwa wake alimwazima Mwalimu alipovunjika mguu. Mguu ulikuwa umepona siku nyingi. Konsoli ilikuwa haijarudi kwa mwenyewe.

Gemu lenyewe lilikuwa la bure, yaani bure ya kukuingiza mlangoni. Ukishaingia unakuta duka. Wenzake walinunua injini za roketi na moshi wa rangi. Mwalimu alinunua vioo vya pembeni, kisha indiketa, kisha honi ya upole. Vioo vilikuwa vimeshushwa bei hadi vinatia huruma. Inaonekana hakuna dereva mwingine aliyewahi kuvitaka.

Lakini tuseme ukweli, hakuwa na shida na magari. Shida yake ilikuwa Pilipili.

Pilipili ndilo jina alilojipa huyo mpinzani, na wasifu wake ulisema ni mwanamke, miaka hamsini na mbili. Katika orodha ya maelfu ya madereva alimchagua Mwalimu washindane wawili tu, akamshinda, na kesho yake akamchagua tena. Siku moja alimzunguka mara mbili katikati ya barabara, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Siku nyingine alimgusa kwa nyuma, kidogo tu, halafu akasimama aone atafanya nini. Mwalimu alipiga honi yake ya upole, uso ukapata moto. Miaka sita tangu mkewe afariki, hakuna mtu aliyewahi kumchokoza namna ile. Alikuwa mpweke, na saa saba ikifika upweke ulimtoka.

Mpwa wake alianza kuingiwa na wasiwasi siku alipomkuta anachana nywele kabla ya kuwasha gemu.

"Mjomba, usije ukajiumiza moyo bure. Wengine humo si watu. Ukikosa mtu wa kushindana naye, wanakupa kompyuta. Wanaipa jina na sura, unaweza ukaapa ni binadamu."

Mwalimu alishtuka. "Sasa mtu ataijuaje?"

"Kompyuta ipo kila siku, saa ileile. Haikasiriki, haimgongi mtu. Na mbio zikiisha inakuambia neno lilelile."

Wiki nzima Mwalimu alimkagua Pilipili kama anavyomkagua mwanafunzi siku ya mtihani, karatasi pajani na kalamu sikioni. Jumatatu alimgonga mara nne. Jumanne hakutokea kabisa. Jumatano alikuja amechelewa, akatumbukia mtoni kwa haraka zake. Alhamisi aligonga ukuta, akapiga honi ya hasira dakika nzima. Ijumaa alishinda, akacheza dansi juu ya boneti. Chini ya karatasi Mwalimu aliandika "Ni mtu," akapiga mistari miwili. Moyo ukamtulia.

Likabaki la kusema, na kusema humo ndani kulikuwa na bei yake. Asiyelipa alipewa salamu nne za kubonyeza, na Mwalimu, mtu wa adabu, tangu siku ya kwanza hakuwahi kubonyeza nyingine ila "Mbio nzuri, asante." Anayetaka kuandika maneno yake mwenyewe lazima anunue Kadi ya Dhahabu, hapo hata anayeandikiwa anaweza kujibu. Kadi ilikuwa na bei ya viatu vipya. Mwalimu alivitazama viatu vyake, akaona bado vinakanyaga breki vizuri. Akanunua.

Barua aliiandika kwanza kwenye karatasi, akaichana, akaandika nyingine. Mpwa aliombwa akague herufi kubwa tu, lakini aliondoa pia sentensi mbili zilizohusu shinikizo la damu.

"Dada Pilipili," ilisema, "mimi ni mwalimu wa udereva, mgane, sina ugomvi na mtu. Miezi hii mitatu, saa saba imekuwa saa yangu nzuri kuliko zote. Kama hutajali, ningependa tufahamiane. Hata chai tu."

Akabonyeza kabla hajajuta.

Mwanafunzi wa saa nane alikuja akagonga kioo. Mwalimu akamwashiria asubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na saba ya kazi. Mpwa naye alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ameshika mlango kwa mikono miwili kama yeye ndiye aliyeposa.

Konsoli ikalia.

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma mara ya kwanza kimyakimya, mara ya pili midomo ikimcheza, kisha akampitishia mpwa wake konsoli dirishani.

"Mama yangu!" Pilipili alikuwa ameandika. "Kumbe wewe ni mtu?"