Mfupa wa Nne

"Zima," mkurugenzi wa hospitali alisema tena, amesimama karibu kabisa na mashine ya kuchapa mifupa bandia.

Fundi hakuzima. Nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa, mwanga wa zambarau ulimulika utomvu mzito, na kila ulipomulika, tabaka jembamba kama utando wa yai liligeuka kuwa gumu. Matabaka mia tatu yangetoa mfupa mmoja wa ndani ya sikio, mdogo kuliko punje ya mchele. Mitatu ya kwanza ilikatika shingo. Huu ulikuwa wa nne.

"Kwa ajili ya mzee mmoja," mkurugenzi akasema. "Miaka sita yuko kwenye ukimya, ameshazoea. Mashine hii ni ya watoto."

"Orodha ya watoto niliimaliza jana." Fundi alijibu taratibu, neno moja moja.

"Watu watasema tunapendelea."

"Watu wana midomo. Waache waitumie."

"Na mgonjwa mwenyewe hataki. Nikwambie mara ngapi?"

"Mgonjwa ana kiburi. Kwake kusaidiwa ni kama kuvuliwa nguo hadharani."

Mkurugenzi alikunja uso. Hakuzoea kujibiwa, hata madaktari bingwa walinyata wakipita mlangoni kwake.

"Ukiimaliza kazi hiyo, kesho usije."

"Sitakuja. Lakini leo nipo."

Mashine ikalia kwa mlio mkali, kazi imekwisha. Fundi akageuka mara moja. Mkurugenzi hata hakupepesa jicho. Alibaki kumtazama yeye tu, kama anayengoja kuombwa radhi.

Fundi aliung'oa mfupa kwa kibano, akauosha, akauanika kwenye mwanga mpaka ukakomaa, kisha akauweka chini ya darubini. Shingo ilikuwa nzima. Kingo laini.

Ndipo akachukua karatasi mezani, akarudi kusimama mbele ya mkurugenzi, uso kwa uso.

"Daktari wa masikio yuko tayari huko juu," alisema. "Imebaki sahihi ya mgonjwa tu."

Akamwekea kalamu mkononi.

"Tia, baba. Wajukuu zako wamechoka kukupigia kelele."