Mistari Mitatu Mitupu

Kitu cha kwanza alichokiona Rosalba ni kalamu ya kijani. Ndiyo ileile iliyomwandikia sifuri miaka miwili iliyopita, na sasa ilikuwa ikitembea juu ya fomu yake ya kujiunga na chama cha wanafunzi bora.

Zilibaki dakika kumi kengele ya mwisho ilie, na fomu isiyo na sahihi ya mwalimu haipokelewi.

"Walimu wote wamejaa shuleni, ukaja kwangu mimi niliyekukamata," alisema mwalimu wa kemia. "Una wazimu, binti?"

"Wengine hawanijui vizuri, Mwalimu."

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Alama za Rosalba zilitosha na kubaki. Kisha kalamu ikafika swali la mwisho: mwombaji amewahi kudanganya katika mtihani?

Mwalimu akatia alama kwenye "ndiyo". Chini yake palikuwa na mistari mitatu mitupu ya maelezo.

"Hapa ndipo sahihi yangu inapokwama," alisema. "Mwaka ule uliapa kwamba jirani yako ndiye aliyenakili kwako, nikawapa sifuri nyote wawili. Sasa niandike nini?"

Kicheko kilikuwa kikimpanda Rosalba, kama cha mtu aliyekwisha kuruka na hajagusa maji.

"Andika mimi ndiye niliyenakili, Mwalimu. Nilinakili mpaka kosa lake."