Kichupa cha Manjano

Asubuhi ya kwanza Don Evaristo alipokosekana kazini, dengu zake zilikuwa bado zimelowekwa. Zilijaa beseni zima pale maabara, zimevimba, zinamsubiri mtu aliyefariki alfajiri ile katika wodi ya ghorofa ya juu, ambako hadi jana yake alikuwa akishuka kuja kazini. Saratani ya ini. Tangu kugunduliwa hadi kifo, wiki tatu tu.

Binti yake, Edelmira, alivaa koti jeupe, akazichuja, akaendelea na kazi. Hakujua jingine la kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Protini za damu hubeba vijitawi vya sukari, na saratani inapoanza kwenye ini, baadhi yake huota kijitawi cha ziada. Ndani ya dengu mna kitu kinachokinasa kijitawi hicho. Miaka kumi na miwili, pale Valdivia, kusini mwa Chile, baba na binti walikamua kitu hicho, wakakipaka kwenye vijikaratasi, wakasubiri rangi ya buluu, alama ya saratani. Kutokana na zile dengu za mwisho za beseni, Edelmira alitengeneza mtego mpya, mkali kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Kila kipimo huhitaji damu ya mwenye afya ya kulinganishia. Miaka yote hiyo aliyeitoa kila Desemba alikuwa Don Evaristo. "Mimi ndiye ng'ombe wa maabara hii," alikuwa akisema huku akikunja mkono wa shati. Desemba hii Edelmira alikunja wa kwake. Hapakuwa na mwingine. Nibaldo, mwenzao, ana mwili kama kabati, lakini akiona sindano anaanguka.

Siku ya mwisho ya mwaka, saa nne asubuhi, Nibaldo alikuwa akikoroga sufuria chumba cha pili. Dengu na soseji, kijiko kimoja kwa kila mtu, ili mwaka uingie na heri; Don Evaristo hakuwahi kuruka mwaka. Edelmira alifungua friza, akatoa kichupa cha damu ya baba yake, ile ya Desemba iliyopita, miezi minane kabla ya kifo.

"Unatafuta nini humo, dada?" Nibaldo akauliza. "Mwache mzee apumzike."

"Nataka kujua kama tulikuwa naye humu, tayari mgonjwa, na sisi tunakula keki ya Krismasi."

"Na ukishajua?"

"Nitakuwa nimejua."

Nibaldo alishusha pumzi, akafuta mikono. Sheria ya Don Evaristo ilikuwa moja: anayesoma kipimo hajui damu ni ya nani. Basi akavichukua vichupa viwili, cha marehemu na cha mwenye afya, akageuka, akabandika kimoja karatasi nyekundu, kingine ya manjano, akaandika siri yake na kuifunga kwenye bahasha.

"Usichungulie, mtoto wa Evaristo. Nakujua wewe."

"Nichungulie wapi, na mgongo huo umeziba dirisha?"

Wakasubiri. Kijikaratasi cha nyekundu hakikubadilika hata kidogo. Cha manjano kilianza kama kivuli, kikakolea, kikawa buluu isiyo na ubishi.

Edelmira alikaa chini. Alilia kidogo, kisha akajikuta anacheka, akaligeukia koti la baba yake lililokuwa bado kwenye msumari.

"Mtego wako unanasa, baba. Tungekuona. Mapema kabisa, tungekuona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lete sufuria, Nibaldo! Mwaka ujao hakuna wa kutuponyoka."

"Kwanza bahasha. Sheria ni sheria."

"Fungua basi, dengu zinapoa."

Nibaldo alifungua, kijiko bado mkononi. Akasoma. Akatazama vichupa, akasoma tena, kisha akakiweka kijiko mezani taratibu.

"Edelmira," akasema, yeye ambaye hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. "Nyekundu ndiyo ya baba yako."

Uvimbe uliotolewa kwenye ini la Edelmira ulikuwa mdogo kuliko punje ya dengu, na kufikia Machi alikuwa amesharudi kazini. Siku hizi damu ya mwenye afya hutolewa na Nibaldo, akiwa amelala sakafuni kabisa, ili asiwe na pa kuangukia.