Ala ya Kitara

Mgeni aliweka kitara, upanga uliopinda, mbele ya Bi Mwanate, mshona ala za panga.

"Nishonee ala mpya, mama. Ijumaa naoa, nitacheza nacho."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ilipotea safarini."

Kila kitara kina mpindo wake, hakiingii katika ala ya kingine. Bi Mwanate akashusha ukutani ala aliyomshonea mumewe. Marehemu aliletwa nyumbani amechinjwa, na ala hiyo ikiwa tupu kiunoni. Akakichomeka kitara. Kikateleza mpaka mwisho bila kukwama.

"Kumbe unayo tayari!" mgeni akacheka. "Imekikaa sawasawa!"

"Kimerudi kwa mwenyewe. Kilikuwa cha marehemu mume wangu."

Kicheko kikamkauka mgeni. Bi Mwanate akatia komeo mlangoni, kisha akaanza kukichomoa kitara, polepole.