Kidimbwi cha Maretadu

Kiroboto maji, kadudu kadogo ka madimbwini, wa mwisho kutoka chupa ya mwisho alikuwa chini ya hadubini, ndani ya tone moja la maji. Mwili wake ni kama kioo, kwa hiyo niliuona moyo wake ukipiga.

Kichwa kilikuwa kimechongoka kama cha aina ya kwanza kati ya mbili tulizozijua kidimbwini. Mkia ulikuwa mfupi kama wa aina ya pili. Kwa wiki sita, kila aliyekuwa wa namna hii nilimwandika "ameharibika" nikammwaga kwenye sinki. Leo ndipo nilipogundua kwamba wote waliharibika kwa namna moja.

Hawakuwa wameharibika. Walikuwa machotara wa zile aina mbili, na utafiti wetu wote ulikuwa wa kuwatafuta hao.

Nikampigia simu mwenye kidimbwi.

"Shikamoo, babu Akonaay."

"Marahaba, mjukuu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Babu, naomba nije tena kuchota maji."

"Maji gani tena? Si ulisema mmemaliza? Nilikuwa nawasubiri ninyi tu. Nimekifukia kidimbwi, nimepanda maharage."

Ni kweli nilisema. Nilisema nikiwa pale ukingoni, tope kwenye viatu, nikifunga hii chupa.

"Yameota?" nikauliza.

"Yameota vizuri, pale pana unyevu. Njoo uchume majani, upike mboga."

"Asante, babu."

Niliporudi kwenye hadubini, taa ilikuwa imeshalikausha lile tone.